Mke wangu Mdenishi kaninunia kisa kipaimara cha binti yake, nishaurini

Mpwa wa Pangani:
Wakuu salaam. Naishi Odense, Denmark, nimeoa huku. Mke wangu ana binti wa miaka 14, baba yake mzazi yupo mji mwingine. Anapata kipaimara Ijumaa ya nne baada ya Pasaka, siku wanayoiita Store Bededag, yaani Siku Kuu ya Maombi, kisha sherehe ukumbini. Sasa mke hasemi nami zaidi ya salamu. Nifanyeje turudishe amani kabla ya siku yenyewe? Huyu mtoto nampenda kama wa kumzaa.

Mama Koku:
Pole mwanangu. Kwetu Bukoba, KKKT, tulikariri Katekisimu mpaka usingizini, mchungaji hana mchezo. Nguo yangu nyeupe ilishonwa na shangazi, Mungu amrehemu. Piga magoti, muombe Mungu alainishe moyo wa mkeo.

Fundi Kipara:
Mwanamke hanuni bure. Umefanya nini?

Mpwa wa Pangani:
Nimewakaribisha jamaa wachache tu.

Fundi Kipara:
Wachache wangapi?

Mpwa wa Pangani:
11, pamoja na watoto wa dada. Wanne wanatoka Hamburg, nauli ya treni wameshalipa, na dada kashanunua vitenge vya sare. Jamani, shughuli ni watu! Chakula chao nitalipa mwenyewe, sasa kosa liko wapi?

Mbebaboksi Aarhus:
Mkuu, hapo pesa si hoja. Huku mwaliko hutoka mapema na una tarehe ya mwisho ya kujibu. Kila mgeni ana kiti chenye kadi ya jina lake, na mkeo ameumiza kichwa kupanga nani akae na nani, hasa ukoo wa baba mzazi ukiwepo. Ndugu wanatunga nyimbo za kumsifu binti kwa mahadhi yanayojulikana, karatasi za maneno zinagawiwa mezani, wote mnaimba. Hotuba zinafuatana, vyakula vinapishana, watu wanakaa mpaka usiku. Hao 11 utawaweka wapi? Na binti mwenyewe umemuuliza?

Mpwa wa Pangani:
Bado. Nataka afurahi akiwaona. Na mimi nina ukoo, baba yake asije akaonekana yeye tu ndiye mwenye watu.

Fundi Kipara:
Aaa, kumbe ndiyo hiyo!

Kijiwe Nongwa:
Hii chai. Store Bededag ilifutwa kuanzia 2024, ukisoma habari unajua. Na Wadenishi kanisani hawaendi. Mleta mada yuko Mbagala.

Mbebaboksi Aarhus:
Kilichofutwa ni mapumziko ya kazi. Serikali ilisema inatafuta fedha za ulinzi, vyama vya wafanyakazi vikaandamana, haikusaidia. Makanisa mengi bado yanatoa kipaimara Ijumaa ileile. Na zaidi ya asilimia 70 ya Wadenishi ni washarika wa Kanisa la Taifa. Ibada za Jumapili wanaziacha, kipaimara hawaachi.

Kijiwe Nongwa:
Basi aweke picha ya mwaliko.

Mpwa wa Pangani:
Jina la mtoto siliweki hapa. Usiyeamini pita.

Mama Koku:
Muacheni baba wa watu. Kwani hao ndugu hawawezi kuja siku nyingine?

Mbebaboksi Aarhus:
Wanaweza. Hata majirani wasioalikwa huleta kadi yenye noti ndani, inatosha kabisa. Wewe andaa pilau nyumbani Jumapili, vitenge vivaliwe huko. Ukumbini toa hotuba fupi, ya binti tu, baba yake usimguse.

Mpwa wa Pangani:
Jumapili sawa, Jumamosi anaenda mjini na wenzake kutumia hela za zawadi. Ila dada kashaomba ruhusa kazini ya Ijumaa, namwambiaje?

Fundi Kipara:
Mpigie leo, ruhusa inabadilishwa. Ila kabla yake ongea na binti, maana nyote mmempangia na hakuna aliyemsikiliza.