Msafara wa Likoni 🚐 (kikundi cha ukoo)

*Jumatatu*

[08:12] Rukia: Asalaam aleikum ukoo. Harusi ya Mwanasha ni Jumamosi ya tarehe 21. Nataka kila anayekwenda aandike hapa ana nini mkononi: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA. Msiniandikie "sawa". Andikeni mlichonacho.

[08:13] Salimu: Sawa

[08:13] Rukia: Salimu 😒

[09:40] Shangazi Mwanamkasi: Waaleikum salaam wanangu. Mimi nina NIDA. Mombasa hapo tu jamani, NIDA haitoshi?

[09:41] Rukia: Haitoshi shangazi yangu.

[09:47] Hamadi wa Likoni: Mbona sie huku twaenda Kampala na kipande tu, hatuulizwi pasipoti.

[09:49] Rukia: Hamadi, hayo ni yenu. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana vitambulisho tangu 2014, Tanzania haimo. Usiwape watu matumaini halafu nije kulia nao mpakani Horohoro.

[09:50] Hamadi wa Likoni: Haya mama serikali 😂 Sie hema n'shalilipia, mje ama msije.

[09:58] Rukia: Sikilizeni basi. Njia ni mbili. Pasipoti ni 150,000, unakaa nayo miaka 10. Hati ya dharura ya safari ni 20,000, ya safari moja tu, ukirudi imekwisha kazi yake. Ya hati inatosha kabisa kwa harusi. Zote zinataka cheti cha kuzaliwa na NIDA, fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, halafu unakwenda mwenyewe kwa alama za vidole. Asiyeweza kujaza aje kwangu barabara ya 13 jioni, aje na vyeti HALISI, sio picha ya picha.

[09:58] Rukia: Wa pasipoti waongeze cheti cha mzazi au kiapo.

[12:31] Mjomba Ali: Cheti cha mzazi? Baba yangu kazaliwa Moa mwaka 1931. Aliyemwandika nani, pweza?

[12:32] Salimu: 😂😂😂😂

[12:32] Fatuma Makorora: Mjomba jamani 😂

[12:40] Rukia: Ndiyo maana nikasema AU KIAPO. Unakwenda kwa wakili, unaapa, anagonga muhuri.

[13:05] Mjomba Ali: Mie nina pasipoti tayari. (picha)

[13:07] Rukia: Mjomba hiyo si ndiyo ile?

[13:08] Mjomba Ali: Ndiyo hiyohiyo.

[13:08] Rukia: Hizo za zamani zilikoma 31 Januari 2020, hata zile ambazo tarehe yake ya ndani ilikuwa haijafika. Sasa ni za kielektroniki tu.

[13:15] Mjomba Ali: Najua. Nililijua hilo dirishani, nyuma yangu watu ishirini. Nimeituma makusudi, yule aliyeniambia "mjomba inapita" aione vizuri.

[13:16] Salimu: Mjomba mimi nilisema INAWEZA kupita

[13:17] Mjomba Ali: Na gari likaondoka. Na dada yangu akazikwa.

[13:19] Salimu: Maiti haisubiri mjomba, ulisema wewe mwenyewe tuende

[13:19] Mjomba Ali: Nilisema kwa mdomo.

[13:31] Rukia: Jamani. Tuko kwenye cheti cha kuzaliwa.

[15:02] Fatuma Makorora: (ujumbe uliosambazwa mara nyingi) ‼️TAHADHARI‼️ Kila anayeingia Kenya lazima aombe kibali kwa mtandao na kulipa dola kabla ya safari, asiye nacho anarudishwa‼️ Mtumie na mwenzako‼️

[15:03] Fatuma Makorora: Da Rukia hii vipi? Dola tena?

[15:20] Rukia: Hicho kibali kipo kweli, kilianza Januari 2024, ila sisi wa Afrika Mashariki hatumo. Hatulipi viza, hatulipi kibali. Unagongewa muhuri unaingia. Tafadhali msilete ujumbe wa kusambazwa humu.

[15:21] Fatuma Makorora: Nimeshawatumia wa chuo 🙈

[15:24] Rukia: Lingine. Wote mtafute KADI YA NJANO.

[15:25] Salimu: Kadi ya njano ninayo, ila inaisha mwezi huu, nitaikatia upya

[15:26] Rukia: Haiishi. Tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano ni ya maisha.

[15:27] Salimu: Homa? Nazungumzia bima ya gari

[15:27] Hamadi wa Likoni: Ndo mwanzo wa mchezo, Salimu ashapata kadi ya njano

[15:28] Fatuma Makorora: Mbili ni nyekundu 🟨🟨🟥

[15:28] Hamadi wa Likoni: Refa ni Rukia, hakuna VAR

[15:36] Rukia: Cheka tu. Zote mbili zinatakiwa. Gari la Tanzania likiingia Kenya linataka bima ya kuvuka mpaka, ile ya COMESA, nayo wanaiita kadi ya njano. Na binadamu anataka kadi yake ya chanjo. Msiseme tunakwenda na kurudi haraka: Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo wakati wa KURUDI nyumbani ndipo unaweza kuulizwa. Na ukichanja leo, inahesabika baada ya siku 10. Asichanje siku ya safari.

[15:37] Rukia: Salimu, kadi ya gari imeandikwa jina lako?

[18:52] Rukia: Salimu

[21:10] Salimu: Noah bado ina jina la yule mzee wa Muheza aliyeniuzia

[21:10] Rukia: MIAKA YOTE HII?

[21:11] Salimu: Nilikuwa najipanga

[21:14] Rukia: Forodha ya Kenya wanakupa kibali cha muda cha gari kwa kadi halisi. Jina si lako, utasema umeliokota wapi? Nenda Muheza ukaandikiwe barua, iwe na muhuri wa wakili.

[21:20] Salimu: Ikishindikana tunapita Jasini da Rukia. Nina kijana wa bodaboda pale, anavusha hadi Vanga kwa soda

[21:22] Fatuma Makorora: Njia za panya na madera ya harusi 😂😂

*Jumanne*

[05:48] Shangazi Mwanamkasi: Mtoto wa Zuhura nakwenda naye. Msimsahau kwenye hesabu.

[06:30] Rukia: Shangazi, Iddi anataka hati yake mwenyewe, haandikwi kwenye yako. Na kwa kuwa mama yake yuko Maskati, tunataka barua ya ridhaa yake na kopi ya pasipoti yake. @Zuhura

[06:31] Rukia: Cheti cha Iddi unacho wewe shangazi?

[06:55] Shangazi Mwanamkasi: Kiko Pongwe.

[06:56] Rukia: Kwa yule bwana?

[06:56] Shangazi Mwanamkasi: Kwa yule bwana.

[07:01] Mjomba Ali: Pongwe mie siendi. Nilishasema mbele ya watu.

[07:02] Fatuma Makorora: Hakuna aliyekutaja mjomba

[07:02] Mjomba Ali: Natangulia.

[11:17] Hamadi wa Likoni: Kwani RITA, hao wa vyeti vya kuzaliwa, hawatoi nakala?

[11:25] Rukia: Wanatoa, lakini tunataka namba ya cheti au taarifa zake sawasawa, na jina la baba lilivyoandikwa. Nani anajua aliandikaje? Shangazi mwenyewe NIDA inasema Mwanamkasi, cheti kinasema Mwana Mkasi, maneno mawili. Hiyo nayo kiapo.

[11:26] Shangazi Mwanamkasi: Karani alikuwa na haraka.

[16:40] Salimu: Kwa hiyo tunachangia ngapi ngapi

[16:41] Rukia: Salimu umekwenda Muheza?

[16:41] Salimu: Nauliza mchango tu

[19:33] Babu Bakari: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:04)

[19:41] Fatuma Makorora: Nawaandikia wasioweza kusikiliza, Babu amesema hivi:

"Nimesomewa yote. Salimu, neno la Jasini sitaki kulisikia tena. Mie nimevuka Vanga kwa miguu nikiwa kijana, hapakuwa na wa kukuuliza, dada zetu wako kule na makaburi yetu yako kule. Mstari kauchora Mjerumani na Mwingereza, hakutuuliza mtu. Lakini leo una wenyewe. Sitaki bibi harusi aambiwe ndugu zake wamelala mahabusu. Anayekwenda apite mlangoni, na karatasi yake.

Mtoto wa Zuhura haachwi. Na Ali haachwi mara ya pili. Ali utakwenda Pongwe kuchukua cheti. Usigombane, usitaje mahari, salimia, chukua, ondoka. Na atakayekupeleka ni Salimu."

[19:41] Fatuma Makorora: Ndiyo mwisho.

[20:30] Hamadi wa Likoni: 🙏🏾

[21:15] Rukia: Tumesikia Babu. @Salimu @Mjomba Ali

[22:08] Salimu: Sawa Babu

[23:51] Zuhura: Jamani samahani, mama wa hapa alikuwa na wageni, simu nimeishika sasa hivi. Nimesoma yote. Barua naandika usiku huu. Niielekeze kwa nani, na iwe na muhuri wa ubalozi au sahihi yangu inatosha? Siku yangu ya kutoka ni Ijumaa na Ijumaa ubalozi umefungwa.

[23:53] Zuhura: Mjomba, ukifika Pongwe muulize kama ile picha ya Iddi mchanga bado anayo.

*Jumatano*

[06:02] Rukia: Zuhura andika kwa Afisa Uhamiaji, Mkoa wa Tanga. Taja nani anasafiri naye, wapi, lini hadi lini. Tuma kwanza yenye sahihi, mimi leo naenda kuwauliza kama wanataka muhuri.

[06:03] Rukia: Mjomba Ali, mnakwenda leo?

[08:44] Mjomba Ali: Salimu anipitie saa nne. Asipige honi.

[10:35] Mjomba Ali: Saa nne imepita.

[10:36] Salimu: Niko Muheza mjomba, kwa mzee wa kadi. Ameniambia nisubiri, yuko shamba

[10:37] Mjomba Ali: 🙂

[10:37] Rukia: Salimu si ungepanga?? Pongwe iko njiani!

[10:52] Salimu: Narudi nampitia. Au kesho?

[11:30] Hamadi wa Likoni: Shangazi mwaja na mkate wa ajemi ama tuupike huku?

[11:34] Shangazi Mwanamkasi: Nitakuja nao. Mizani hakuna pale mpakani?

[11:35] Hamadi wa Likoni: 😂

[13:20] Rukia: Nimetoka Uhamiaji. Waliojaza fomu mpaka sasa: mimi, Fatuma, shangazi (bado kiapo cha jina). Humu tuko 23. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi la nje, mwenye cheti aje. Suala la barua ya Zuhura wameniambia nije nayo waione kwanza.

[13:21] Rukia: Na gari: kama kadi ya Noah haijakaa sawa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, nakata tiketi za basi. Mchango utabadilika.

[13:58] Mwanahawa Dar: Mambo wapendwa, nilikuwa sijafungua kikundi. Basi linapita Dar?

[14:40] Salimu: Mzee ametoka shamba. Anasema barua ataandika ila kwanza nimmalizie laki mbili zilizobaki

[14:41] Rukia: ZIPI TENA

[14:55] Mjomba Ali: Bado nimekaa hapa barazani, nimevaa.