Gari lililowahi kugongwa mbele: ninunue au niachane nalo?

Wakuu, naomba ushauri wenu. Nimepata gari lililotumika ambalo injini yake imetulia, na bei yake iko chini kiasi cha kunitia shaka. Muuzaji amekiri kwamba liligongwa mbele upande wa kushoto, likabadilishwa bampa, taa na madigadi, kisha likapigwa rangi. Anasisitiza kuwa ilikuwa ajali ndogo. Nilipofungua boneti niliona vichwa vya bolti za madigadi vimekwaruzika, na rejeta ni mpya kuliko vitu vyote vinavyoizunguka. Je, nilichukue?

Jibu la kwanza:
Mkuu, gari kugongwa peke yake si sababu ya kulikataa. La kujua ni pigo liliishia wapi. Bampa, taa na madigadi hufunguliwa na kufungwa vingine, na gari likawa salama kabisa. Nyuma ya bampa, hata hivyo, kuna mihimili miwili iliyoundwa ijikunje wakati wa ajali ili pigo lote lisiwafikie abiria, na ikishajikunja kisha ikanyooshwa kwa nyundo na moto, haiwezi kutegemewa tena kufanya kazi hiyo. Hiyo rejeta mpya ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa imekaa jirani na mihimili hiyo. Gari liinuliwe, fundi wa bodi (si wa injini) aangalie chini kama kuna mikunjo, sehemu zilizochomelewa upande mmoja tu, au rangi mpya mahali ambapo hakuna anayepaka kwa ajili ya urembo. Kisha lipimwe alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Magurudumu yakigoma kukaa kwenye vipimo, huenda chasisi imepinda.

Jibu la pili:
Naongezea kuhusu mifuko ya hewa. Ukifungua swichi, taa yake kwenye dashibodi inatakiwa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzima. Isipowaka kabisa usifurahi, kwani wapo wanaoing'oa, na wajanja zaidi huiunganisha na taa nyingine ili zizime pamoja, wakati mifuko ilikwisha kulipuka na haikurudishwa. Lipimwe kwa kompyuta, na uvute kila mkanda wa kiti uone kama unatoka na kurudi bila kukwama.

Jibu la tatu:
Hata likiwa salama, kumbuka kwamba nawe siku ya kuliuza utaulizwa maswali haya haya. Bei ishuke kwa kuzingatia hilo, na uulize kampuni ya bima kama italikatia bima kabla ya kulipa.

Mwuliza:
Nashukuru sana. Nimempigia muuzaji, kompyuta amekubali, ila kuliinua hataki, anasema ni kupotezeana muda.

Jibu la kwanza:
Basi achana nalo, mkuu. Mhimili uliopinda hauonekani kwenye kompyuta, na huenda yeye analijua hilo vizuri.