Endori, "utuombee" na ndoto za marehemu: je, wafu huwasiliana na walio hai?

Mlei_Msomaji

Shalom wapendwa. Kuna somo la kikundi linaandaliwa juu ya wafu na walio hai, na hoja zimeshagongana kabla ya siku yenyewe. Upande mmoja unasema Mhubiri 9:5 imemaliza kila kitu: wafu hawajui neno lolote. Upande wa pili unasema Samweli alizungumza na Sauli akiwa amekwisha kuzikwa, na Musa alionekana mlimani na Yesu. Halafu wapo wanaosali "utuombee" kwa watakatifu, na wapo wanaosema huko ndiko kuwaita wafu kwenyewe.

Naomba kueleweshwa: kule Endori, mfalme Sauli alipomwendea mwanamke mwenye kuita wafu (1 Samweli 28), alitokea nani? Kumwomba mtakatifu kunatofautianaje na kuwaita wafu? Na mtu akimwota marehemu anampa maagizo, afanyeje? Tafadhali aya na mafundisho rasmi ya makanisa, si "mimi nadhani".

Ungamo1530

Tenganisha vitendo kwanza, la sivyo mtabishana usiku kucha juu ya mambo manne mkidhani ni moja. Kuwaombea waliokufa: anayesemeshwa ni Mungu. Kuwaomba watakatifu watuombee: anayesemeshwa ni aliyekufa, ila hatarajiwi kujibu wala kutoa habari. Kuwaita wafu: hapo jibu ndilo linalotafutwa, mtu anataka kujua ya kesho au siri fulani. La nne ni aliyekufa kutokea bila kuitwa, Mungu akipenda, na hilo halimo mikononi mwa mwanadamu.

Kuwaita wafu hakuna kanisa linalokuruhusu. Kumbukumbu la Torati 18:10-11, Walawi 19:31 na 20:6, Isaya 8:19, zote ziko wazi. Ugomvi uko kwenye hayo mengine.

Sasa Endori. Kosa la kwanza la walimu wengi ni kuanzia 1 Samweli 28:11, mwanamke anapouliza amwite nani. Anzia aya ya 3: Samweli amekufa, na Sauli mwenyewe ndiye aliyewaondoa wenye pepo wa utambuzi katika nchi. Aya ya 6: Bwana hamjibu, si kwa ndoto, si kwa Urimu (kura takatifu ya makuhani), si kwa manabii. Ndipo anajibadilisha mavazi na kwenda usiku. Ukifika hapo, kikundi kinaona kwamba habari hii ni ya mfalme aliyefungiwa mlango akatafuta dirisha. Kisha soma 1 Nyakati 10:13-14, inayotaja kitendo hicho miongoni mwa makosa yaliyomuua.

Alitokea nani? Tangu zamani walimu wa Kanisa hawakukubaliana. Origen alisema ni Samweli hasa. Tertuliano na Gregori wa Nisa walisema ni pepo aliyejifananisha naye, na Luther akaja kusema hivyo hivyo. Wanaosema ni Samweli wana hoja hizi: msimulizi mwenyewe, si mwanamke tu, anamwita Samweli (aya 15 na 16); mwanamke alipomwona alipiga kelele, kana kwamba hakutegemea; na yaliyosemwa yakatokea, Sauli na wanawe watatu wakafa vitani sura ya 31. Tena Yoshua bin Sira 46:20 inasema wazi kwamba Samweli alitabiri hata baada ya kufa, ingawa sisi Walutheri hatukihesabu kitabu hicho kuwa kanoni, yaani sehemu rasmi ya Biblia.

Lakini angalia: hata akiwa ni Samweli, hakuna somo la kuigwa pale. Alilalamika kusumbuliwa, hakutoa shauri hata moja la kumsaidia Sauli, na hukumu aliyoitangaza ilikuwa imeshatangazwa alipokuwa hai, sura ya 15.

SiriYaUfufuo

Nikitoa msimamo wa Waadventista, upo katika imani ya 26 kati ya zile 28: kifo ni hali ya kutojitambua mpaka ufufuo. Kwa hiyo hakuna aliyekufa anayeweza kuzungumza na yeyote, awe mtakatifu awe mwovu. Aya tunazosimamia: Mhubiri 9:5-6, Zaburi 146:4, Ayubu 7:9-10, Yohana 11:11-14 ambapo Yesu anaita kifo cha Lazaro usingizi, na 1 Wathesalonike 4:13-17 ambapo faraja ya Paulo kwa waliofiwa ni kuja kwa Bwana, si habari kutoka kwa marehemu.

Kuhusu Endori, hoja yetu ni aya ya 6 ile ile uliyoitaja. Mungu amekataa kujibu kwa manabii. Samweli alikuwa nabii. Je, Mungu anyamaze kwa njia halali kisha ajibu kwa njia aliyoiwekea adhabu ya kifo? Pia kile kiumbe kilisema "wewe na wanao" mtakuwa nami kesho, na Ishboshethi mwana wa Sauli alibaki hai akatawala, 2 Samweli 2:8-10.

Musa mlimani hatusumbui: tunaamini alifufuliwa, kwa kuzingatia Yuda 9. Eliya, aliyeonekana pamoja naye, hakufa.

Ungamo1530

Hoja ya aya ya 6 ni nzito, naikubali. Ya Ishboshethi ni nyepesi, maana "wanao" inaweza kuwa wale waliokwenda vitani. Na Mhubiri 9:5 itumieni kwa uangalifu: aya hiyo hiyo inasema wafu hawana ijara tena. Ukiishika kwa herufi utakuwa umefuta na thawabu ya ufufuo, jambo ambalo hata Mwadventista hataki. Aya ya 6 inaweka mpaka kwa maneno "chini ya jua". Wanaoamini roho iko macho nao wanashika Wafilipi 1:23, 2 Wakorintho 5:8 na Ufunuo 6:9-11, ambapo waliouawa wanalia kwa sauti kuu chini ya madhabahu.

Kengele_ya_Malaika

Tumsifu Yesu Kristo. Upande wa Kanisa Katoliki, jambo lisilojulikana na wengi ni hili: Katekisimu yenyewe, namba 2116, inakataza kuwaita wafu, pamoja na ramli na nyota. Na tarehe 24 Aprili 1917 Ofisi Takatifu ya Roma, iliyosimamia mafundisho ya imani, ilijibu kwamba Mkatoliki haruhusiwi hata kuketi kama mtazamaji tu kwenye vikao vya kuita roho. Kwa hiyo anayesema "Wakatoliki wanaita wafu" aanze kusoma hapo.

"Utuombee" iko namba 956. Msingi wake ni ushirika wa watakatifu unaotamkwa katika Kanuni ya Imani: kifo hakimtoi mtu katika Mwili wa Kristo. Maandiko yanayoletwa ni Ufunuo 5:8, wazee 24 wakishika vitasa (bakuli) vya manukato ambayo ni maombi ya watakatifu, na 2 Makabayo 15:12-16, Onia na Yeremia, wote marehemu, wakiliombea taifa.

Watu huuliza: mtakatifu anasikiaje maelfu kwa wakati mmoja? Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alijibu kwamba roho iliyotengana na mwili, kwa nguvu zake yenyewe, haijui yanayotendeka duniani. Watakatifu wanajua kwa sababu wanamwona Mungu, na ndani yake wanaona yale yanayowahusu. Kwa maneno mengine hakuna waya wa moja kwa moja kati ya kaburi na nyumba yako.

Kuwaombea marehemu ni namba 958 na 1032, na aya ni 2 Makabayo 12, Yuda Makabayo akituma drakma 2,000 za fedha Yerusalemu kwa sadaka ya dhambi ya askari waliouawa. Hapo msaada unatoka kwetu kwenda kwao walioko toharani, yaani wanaotakaswa baada ya kifo. Mfano ni rehema kamili (ondoleo la adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) ya kutembelea makaburi, 1 hadi 8 Novemba: kuwaombea marehemu pale makaburini, pamoja na kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na kujitenga na kila dhambi hata ndogo. Hakuna hatua yoyote ya kumsikiliza marehemu. Inapoharibika ni pale mtu anapokwenda kaburini kuuliza: nimpe nani shamba, nani ameniloga. Hapo ameshatoka kwenye sala, hata kama ameshika rozari.

Waorthodoksi wanawaombea wafu pia, hasa siku ya 3, ya 9 na ya 40, lakini toharani ya mtindo wa Kilatini hawaikubali. Askofu wao Marko wa Efeso alikataa kutia saini mapatano ya muungano na Roma kwenye mtaguso wa Florence mwaka 1439.

Ungamo1530

Upande wa Uprotestanti usichanganye wote. Ungamo la Augsburg (1530), tamko la imani la Walutheri, ibara ya 21: watakatifu wakumbukwe na imani yao ifuatwe, ila Maandiko hayafundishi kuwaomba; mpatanishi ni mmoja, 1 Timotheo 2:5. Apologia yake, yaani utetezi wa ungamo hilo, inakubali kwamba watakatifu mbinguni wanaliombea Kanisa kwa ujumla, na juu ya kuwaombea wafu inasema hatukatazi. Waanglikana, Ibara ya 22 kati ya 39, wanakataa toharani na kuwaomba watakatifu. Ungamo la Westminster, la Wapresbiteri, sura ya 21 linakataza hata kuwaombea wafu.

Zeituni

Swali la ndoto limesahaulika, na pengine ndilo linalowagusa watu zaidi. Agostino, askofu wa Kanisa la kale huko Afrika Kaskazini, aliliandikia kitabu kizima, mnamo mwaka 421, kuhusu kuwahudumia wafu. Anataja kijana aliyedaiwa deni ambalo baba yake marehemu alikuwa ameshalilipa. Baba akamtokea ndotoni akamwonyesha ilipo hati ya malipo, na ikapatikana. Wengi wangeishia hapo. Agostino anaweka kando yake kisa kingine: Eulogius, mwalimu wa ufasaha Kartago, alikwama kwenye kifungu cha Cicero, mwandishi wa Kirumi, na usiku akamwota Agostino akimfafanulia. Agostino wakati huo alikuwa hai, Milano, ng'ambo ya bahari, na hakuwa na habari yoyote.

Mnaona anakokwenda. Kama aliye hai anaweza kuonekana ndotoni bila yeye kujua, sura ya marehemu ndotoni haithibitishi kwamba marehemu amekuja. Anaongeza kwamba kama wafu wangekuwa na uhuru wa kuja, mama yake Monika asingekosa usiku hata mmoja. Hata hivyo hakufunga mlango: Mungu akitaka anaweza kumtuma mtu, au kuwajulisha wafu jambo kwa njia ya malaika.

Kwa mwenye ndoto, kumwota tu marehemu si dhambi, wala hakudai tambiko lolote. Pima maagizo, usipime sura. Kumbukumbu 13:1-3 inasema hata ishara ya mwotaji ikitimia, bado akikuelekeza kwa miungu mingine usimsikilize. Na yule kijakazi wa Filipi, Matendo 16:16-18, alisema maneno ya kweli kabisa juu ya Paulo, na Paulo akamfukuza pepo vile vile. Kwa hiyo "lakini iliyosemwa ilikuwa kweli" haitoshi. Ndoto ikimtaja mtu kuwa mchawi, usiipeleke kwa majirani.

Mlei_Msomaji

Asanteni sana. Moja la mwisho: Luka 16:26, kisa cha tajiri na maskini Lazaro, lile shimo kubwa, si ndilo linalothibitisha kwamba wafu hawawezi kutufikia?

Zeituni

Hapana, soma tena. Shimo lile liko kati ya tajiri na Lazaro, wote wamekwisha kufa. Ombi la kumtuma Lazaro kwa ndugu watano linakuja baadaye, aya ya 27, na Ibrahimu halijibu kwa kutaja shimo. Anasema wanao Musa na manabii, na wasipowasikia hao hawatashawishwa hata mtu akifufuka. Hilo ndilo la kulisomea kikundi.

SiriYaUfufuo

Sisi tunakichukua kisa hicho cha Luka 16 kama mfano, si ramani ya kuzimu. Ila kwenye aya ya 31 tuko pamoja. Isome sambamba na Isaya 8:19-20.