Bibi alinikinga kwa kuku, mama mkubwa kanipiga kwa kuku. Naombeni ushauri

MjukuuWaBagamoyo:
Habari za jioni wakuu. Nivumilieni, ni ndefu kidogo.

Miaka miwili iliyopita niliachika, nikarudi Bagamoyo kwa bibi mzaa mama na wanangu wawili. Haikupita siku, majirani wakaanza kuulizana kilichonirudisha. Bibi alikuwa barazani anakuna nazi. Hakunyanyua hata macho, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza chapati: "Kuku mwenye watoto halengwi jiwe." Akaendelea kukuna. Maneno yakaisha.

Ndivyo alivyokuwa, kila jambo lina mnyama wake. Nikiwa na papara: "Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Nikilalamika watoto wananichosha: "Ndovu hashindwi na mkongawe." Hata alichokalia ni mbuzi, na alikuwa akituambia mbuzi wake hali majani na maziwa yake ni tui.

Bibi ametutoka. Arobaini tumesoma juzi. Jana mama mkubwa kaja, kakuta nimehamia chumba cha bibi, akasema mbele ya wanangu: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Nilikosa la kujibu. Usiku nikajifunika kanga ya bibi, nikajaribu kuhesabu misemo yake. Nikapata 7. Saba! Mtu aliyeongea nami maisha yangu yote. Nimeililia ile iliyopotea kuliko nilivyolia msibani.

Methali ile ina jibu? Na nyie mliofiwa na watu wa namna hii, mlishika wapi?

Mchokozi_Mstaafu:
Jibu lipo: "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Mtafutie kanga yenye jina hilo, umpe zawadi ya Idi 😂

BintiSiyu:
Usimsikilize huyo. Kumwita mama yako mkubwa chura ni kujitafutia kukosa radhi. Pole sana mwanangu.

Kwetu Siyu, kisiwani Pate, alikuwapo malenga Mwana Kupona. Mwaka 1858 hivi, mjane na mgonjwa, alimwita bintiye aje na wino na karatasi, akamtungia utendi wa wosia. Miaka michache baadaye akafa. Mle anamwambia binti: twaa nikupe hirizi, uifunge kwa uzi. Basi hata wewe umefungwa uzi, ila aliyekufunga ni bibi yako. Kamba ya mama mkubwa isikutishe.

Fundi Cherehani:
@BintiSiyu si ndiye huyo aliyeagiza mume akilala apapaswe na kupepewa? Huyu dada kaachika, unampa upepeo?

BintiSiyu:
Upepeo auache, hirizi aichukue. Nani alisema urithi unabebwa wote?

Karani wa Zamani:
Mashairi mazuri, ila mirathi imefunguliwa? Mama yako yu hai?

MjukuuWaBagamoyo:
Yu hai, yupo Muscat kikazi. Mirathi bado.

Karani wa Zamani:
Basi mama yako ana fungu lake katika nyumba ile na wewe unakaa kwa mgongo wake. Aongee na nduguze, wateue msimamizi, waende mahakama ya mwanzo. Methali iliwanyamazisha majirani kwa sababu aliyeisema ndiye mwenye nyumba.

MjukuuWaBagamoyo:
Hiyo sentensi ya mwisho imeniuma. Ila ni kweli.

Nyavu Mbovu:
Dada, kuhusu misemo iliyopotea. Babu yangu alikuwa mvuvi, alipofariki na mimi nilikaa kitandani kumkumbuka nikaambulia patupu. Siku nimeshika nyavu zake nazitia viraka, maneno yakaanza kuja yenyewe, mengine hata ya matusi. Usiyatafute kitandani. Alikuwa akiyasema akifanya nini? Akikuna nazi. Kaa kwenye hiyo mbuzi, simu iwe karibu inarekodi.

Mchokozi_Mstaafu:
Huyu ndiye kajibu. Mimi naondoka na chura wangu.

MjukuuWaBagamoyo:
Mrejesho. Leo nimekuna nazi mbili. Misemo imefika 13 na kidole kimoja kina plasta.

Nikiwa palepale mama mkubwa kaja kuchukua masufuria yake ya arobaini. Kanuna. Mwanangu wa miaka sita, bila kutumwa na mtu, akamkabili: "Kitendawili!" Akaitika "Tega" huku bado kakunja uso.

"Kuku wangu katagia mibani."

"Nanasi," akasema, halafu akanyamaza. Hicho bibi alikuwa akitutegea sisi, na mama zetu kabla yetu, kila nanasi za Kiwangwa zikiingia sokoni. Akasimama pale na sufuria mkononi. Kisha akavua viatu, akaniambia nisogee, nakuna vibaya, nafika mpaka kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi. Akakalia mbuzi yeye.

Habari ya chumba hatukuigusa. Kesho nampigia mama.