Stima ikipotea pampu ya stoo inazima: niweke betri ya aina gani?

MamaPacha_SouthC
Hamjambo humu. Nyumba yetu iko South C, Nairobi, na ina stoo ya chini ya ardhi, ambayo sijui aliyeijenga alikuwa anawaza nini. Udongo wa huku mnaujua: mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia, masika ukishalowa hauachilii maji. Tulichimba sampu, yaani shimo la kukusanya maji, kwenye kona, tukaweka pampu ya stima yenye floti (swichi inayoelea, maji yakipanda inaiwasha), na mvua ya kawaida inaimudu.

Lakini mvua ikizidi, stima nayo huondoka. Aprili 2024 ilikatika saa saba usiku. Mimi, baba watoto na soja wetu tulichota kwa ndoo hadi saa kumi na mbili. Gunia mbili za mahindi ziliota huko chini kabla sijapata nguvu ya kuzitoa.

Sasa fundi wa mtaani anasema nichukue betri ya gari letu kuukuu na inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya bei rahisi, niviweke palepale kando ya sampu. Moyo umekataa. Pampu imeandikwa wati 400. Nishaurini.

Bahati_wa_Mtaa
Mama, panda mpunga badala ya mahindi. Maji unayo.

SpanaMkononi
Bahati, acha mama wa watu.

Dada, moyo wako umemshinda fundi. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ijazwe tena. Ukiinyonya mpaka chini mara kadhaa inakufa. Tafuta ya dipsaiko, ile ya sola inayovumilia kunyonywa sana. Na usiiweke kando ya sampu! Betri ya asidi ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na floti ya stima inaweza kutoa cheche. Ipandishe juu, kwenye rafu, mahali penye hewa. Halafu mafuriko yakija si ndiyo yatafika kwenye betri kwanza?

Inveta chukua ile ya wimbi safi, mafundi huiita pyua saini. Zile za rahisi hufanya mota ingurume na kupata moto. Tena mota ikianza hunyakua mara tatu, hata mara sita, ya wati zake kwa kitambo kidogo. Kwa 400 zako, tafuta ya wati 1,500 inayostahimili maradufu kwa sekunde chache, na iwe inabadilisha yenyewe stima ikikatika. Saa saba usiku hutaki kushuka ngazi kutafuta swichi. Waya wa betri uwe mnene na mfupi: wati 400 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampia 33. Fyuzi iwe karibu na betri. Na anayeunganisha awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati.

MamaPacha_SouthC
Asante kaka. Betri ya 100Ah itanifikisha wapi?

SpanaMkononi
Volti 12 mara hizo ampia-saa (Ah) 100 ni wati-saa 1,200. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Inveta nayo hula kidogo. Pampu ikikimbia bila kupumzika, saa moja na ushee hivi. Lakini haikimbii mfululizo. Mvua ikinyesha kaa na simu uhesabu: inakimbia sekunde ngapi, inapumzika dakika ngapi?

Mzee_Syokimau
Mwanangu, mimi niliachana na inveta kabisa. Nina pampu ya pili ya volti 12, imeunganishwa moja kwa moja na betri, na floti yake iko juu kidogo ya ile ya kwanza. Stima ikikatika, au pampu kubwa ikifa (hilo watu husahau), maji yanapanda kidogo na ya pili inaamka. Ila usiamini namba ya kwenye boksi. Lita wanazoandika ni za bomba lisilopanda popote; ukipandisha mita tatu zinaweza kushuka hadi nusu.

Kila bomba liwe na non-ritani yake (valvu isiyoruhusu maji kurudi nyuma), la sivyo pampu moja itamwagia nyingine. Chini ya non-ritani, kwenye bomba lakini ndani ya sampu, toboa tundu la milimita tatu hivi ili hewa isikwame. Na hayo maji unayamwaga wapi?

MamaPacha_SouthC
Kwenye chemba ya choo, mzee.

Mzee_Syokimau
Lo! Ndiyo maana. Laini ya maji taka ikijaa mvua, inakurudishia. Peleka kwenye mtaro wa maji ya mvua, mbali na ukuta wa nyumba.

MamaPacha_SouthC
Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilihesabu kwenye mvua ya Jumanne: dakika moja inakimbia, nne inapumzika. Kaka Spana akasema kwa mwendo huo betri itadumu kama masaa matano, nikanunua betri na inveta. Pampu ya mzee nitaiongeza bonasi ikiingia.

Jana nilizima swichi kuu, nikamwaga ndoo nane kwenye sampu. Kimya. Maji yanapanda, pampu imelala. Nikadhani nimetapeliwa. Kumbe floti imejibana kwenye ukuta wa shimo, waya wake ulikuwa mrefu mno! Nimeufupisha na kuufunga upya, nikamwaga tena, ikaamka kwa ndoo ya tano. Pacha wanataka mchezo huo kila jioni.

Fundi wa bomba anakuja Jumamosi kulitoa kwenye chemba. Amesema itabidi avunje veranda. Kuna mtu anajua bei ya kweli ya kazi hiyo kabla hajanitajia yake?

Bahati_wa_Mtaa
Usimwonyeshe hiyo inveta mpya. Atadhani una pesa.