Naombeni ushauri: nawafundishaje kidato cha pili kuhusu unene?

Chaki Nyeupe: Wakuu, habari za usiku. Nafundisha Baiolojia shule moja ya kutwa hapa Dar. Kesho kutwa naingia mada ya lishe, na nataka kipindi kizima kiwe cha unene uliopitiliza: nguvu inayoingia kwa chakula na inayotumika mwilini. Mizani ninayo. Kila mwanafunzi apimwe uzito na urefu, tukokotoe BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ubaoni, kila mtu ajue yuko wapi. Naogopa kuumiza mtu na usingizi umenikataa. Nianzie wapi?

Kijiwe Hakilali: Uzito wa mabinti ubaoni? Mwalimu, siku hiyo nenda na kofia ya pikipiki 😂

Mzee wa Dona: Tatizo ni malezi. Sisi tulitembea kwenda shule, tukirudi jembe linasubiri. Ugali wa dona, mchicha, dagaa. Leo mtoto anafuatwa na basi la shule hadi mlangoni, Jumamosi twisheni, Jumapili simu. Atapungulia wapi? Wafundishe kazi.

Banda la Kona: Mzee, mimi nakaanga chipsi nje ya shule, naomba niseme na upande wetu. Mtoto basi limempitia saa kumi na moja alfajiri, hajanywa hata chai, mfukoni ana buku. Ashibe wapi? Chipsi kavu kidogo, chumvi, tomato, anakula amesimama. Kuna kipindi niliweka ndizi mbivu na karanga za kuchemsha nyuma ya kabati, zikanidodea. Nikazileta mbele, pale mkono unapofika kwanza, zikawa zinaisha kabla kengele haijalia. Mwalimu, anza na kinachouzwa getini kabla hujaanza na tumbo la mtoto.

Nesi wa Zamu: Mwalimu, ile mipaka ya BMI ya 25 na 30 ni ya watu wazima. Kuanzia miaka 5 hadi 19, Shirika la Afya Duniani lina chati za umri na jinsia. Ukitumia za wakubwa utawapa watoto majibu ya uongo. Halafu binti wa miaka 13 au 14 kuongezeka mafuta mwilini ni sehemu ya kupevuka. Fundisha soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai, wapimie kwenye glasi waione kwa macho. Mwongozo wa shirika hilo wa 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu ya siku. Kwa anayehitaji kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 50. Ila usiwaambie kila soda ilipiwe kwa kukimbia, hapo ndipo wengine wanapoanza kuogopa chakula. Sasa nikuulize, mizani unaing'ang'ania ya nini? Kuna mtoto unamlenga?

Chaki Nyeupe: Simlengi mtu. Takwimu zao wenyewe zinafanya somo liwe hai.

Nesi wa Zamu: Mwalimu, sema.

Chaki Nyeupe: Sawa. Mtoto wa marehemu dada yangu yumo darasani humo, nami ndiye ninayemlea. Alikuwa mnene, mimi na mke wangu tukamshauri apunguze. Amepungua, lakini haachi. Usiku hali, anasema ameshiba shuleni. Nikimwambia inatosha anaona namdanganya. Nataka namba imwambie. Sitamtaja jina. Na andalio la somo limeshapita kwa mkuu wa taaluma, sioni sababu ya kulipangua.

Shangazi wa Tabata: Mimi nilikuwa "bonge" kidato cha tatu. Mwalimu wa michezo alinipima mbele ya mstari na kilo zangu akazitaja kwa sauti. Nikashinda na maji siku kadhaa, kisha usiku mmoja nikaingia jikoni nikamaliza sufuria ya wali peke yangu. Mpaka leo nikipanda mizani kliniki nafumba macho. Usimfanyie hivyo mpwa wako, nakuomba.

Sinywi Chai: Wakuu, hii chai. Ilianza darasa zima, sasa mpwa yatima, kesho tutaambiwa amelazwa. Watoto sabini utawapimaje kwa dakika 80? Weka picha ya hiyo mizani.

Kijiwe Hakilali: Na akaunti kafungua leo. Nilishaanza kushtuka.

Mzee wa Dona: Iwe chai isiwe chai, mjukuu wangu naye ameacha kula usiku. Nesi, endelea.

Chaki Nyeupe: Akaunti ni mpya kwa sababu walimu wenzangu wamo humu. Kupima ningepima safu kwa safu, kila safu na siku yake. Picha siweki, mizani ina stika ya shule.

Nesi wa Zamu: Anasikia kizunguzungu? Na hedhi inaendaje? Mkeo ndiye amuulize, wewe usiingie.

Chaki Nyeupe: Amemuuliza sasa hivi. Hajaiona tangu likizo ya mwezi wa sita, alikuwa anaficha. Lakini mbona yuko sawa, hesabu anaongoza darasa.

Nesi wa Zamu: Kuongoza hesabu hakutuambii moyo unaendaje. Asubuhi mpelekeni hospitali, mkeo aingie naye, wewe subiri nje. Waeleze amepungua kiasi gani na kwa muda gani. Apimwe mapigo, presha na damu, na muombe aonwe na ofisa lishe. Kipimo cha mimba kitafanyika pia, usimkaripie, binti aliyekosa hedhi hupimwa. Usiku huu kuleni pamoja kama kawaida. Msimjazie sahani kwa nguvu, na habari za mwili wake zisiguswe mezani. Akizimia, msingoje asubuhi.

Chaki Nyeupe: Nimemtumia ujumbe mwalimu wa zamu, nitachelewa kuingia. Kipindi nitafanya cha sukari kwenye glasi. Mizani nabaki nayo kwanza, huenda daktari akataka tufuatilie nyumbani.

Nesi wa Zamu: Daktari atampima mwenyewe. Iko wapi sasa hivi?

Chaki Nyeupe: Sebuleni.

Nesi wa Zamu: Itoe ndani ya nyumba leo hii, mwalimu. Huyo mtoto anaipanda mkilala.