Mwimbaji yuko roshani, aliyelipa yuko ndani: nani kadhulumiwa?

Mwana wa Ndia Kuu

Mimi na dada yangu tumebishana juu ya jambo hili hadi chai ikapoa, hatukupatana. Nalileta hapa watu walipime.

Tarehe 14 Juni 2025, ukumbi wa Palladium, London, ulianza maonyesho ya majaribio ya Evita. Huu ni mchezo wa nyimbo wa Tim Rice na Andrew Lloyd Webber, ulioigizwa jukwaani mara ya kwanza huko huko London mwaka 1978. Unasimulia maisha ya Eva Perón, binti aliyezaliwa katika dhiki, akawa mke wa rais wa Argentina, akafariki mwaka 1952 akiwa na miaka 33 tu. Wimbo wake unaojulikana dunia nzima ni ule anaosimama kwenye roshani ya ikulu akiwaambia watu wake wasimlilie.

Safari hii mwongozaji Jamie Lloyd alimtoa mwimbaji, Rachel Zegler, nje kabisa. Alisimama kwenye roshani ya ukumbi, juu ya barabara ya Argyll, akawaimbia wapita njia. Waliolipa, walioketi ndani, wimbo huo waliuona kwenye skrini, picha ikirushwa moja kwa moja kutoka nje.

Video zilienea usiku ule ule. Wako waliosema hawajaona kitu kizuri kama hicho. Wako waliochukia: tiketi zilifika pauni 245, zaidi ya shilingi 40,000 za kwetu, kisha lile walilolifuata akapewa mtu aliyekuwa akipita na mfuko wake wa sokoni.

Mimi nasema hawakudhulumiwa. Wimbo ule hauimbiwi watu wa ndani. Eva anawaimbia wale walioitwa wasio na mashati, waliojaa nje ya jumba. Miaka yote watu walioketi kwenye viti vizuri wamekuwa wakiombwa wajifanye ndio umati wa maskini, nao wamekubali. Lloyd alikataa kujifanya huko. Akatafuta umati wa kweli, na umati wa kweli uko barabarani.

Na tazameni jambo jingine. Sehemu kubwa ya mchezo Zegler amevaa nguo fupi, nywele ni zake mwenyewe. Gauni jeupe na nywele za bandia za rangi ya dhahabu anazivaa kwa ajili ya roshani. Kwa hiyo wa nje wanamwona malaika, basi. Wa ndani ndio waliokuwa naye tangu mwanzo, wanajua amepita wapi na amemkanyaga nani mpaka akafika pale juu. Wanamtazama akiwapendeza wengine. Pesa yao imewanunulia kujua. Wa barabarani hakulipa, na hakujua.

Sasa niseme kwa nini jambo la London linanikosesha usingizi mimi wa Mombasa. Nilipokuwa mdogo, arusi ikiwa mtaani kwetu, taarab ilipigwa chini ya tandarua, na waalikwa walikaa kwenye viti. Lakini madirishani, mapaani, vichochoroni, mtaa wote ulikuwa ukisikiliza. Mashairi ya Ahmad Nassir niliyajua kwa sauti ya marehemu Juma Bhalo kabla sijajua kusoma, na hakuna aliyenilipia hata senti. Leo taarab iko ukumbini, mlangoni pana kadi na mtu wa kuikagua. Mtoto wa kichochoroni ataijulia wapi?

Kuna vijana wanaotaka kuzirudisha nyimbo za zamani zikiwa na hadithi, mchezo kamili wa jukwaani. Mimi nimewaambia: wimbo mkuu, mwimbaji atoke, apande kwenye moja ya roshani za mbao pale Ndia Kuu, Mji wa Kale, auimbie mtaa. Dada yangu anasema huo ni wizi wa mwenye tiketi. Semeni.

Umm Salim, Bondeni

Dada yako ana haki, na naomba umsikilize vizuri.

Unazungumza kana kwamba aliye ndani ni tajiri na aliye nje ni maskini. Umejuaje? London, anayepita jioni barabara ile huenda ana pesa kuliko aliyeketi ghorofa ya mwisho akichungulia kwa mbali. Kuna mtu ameweka akiba miezi, amepanda treni, amemleta mamake mzee ambaye wimbo ule aliupenda tangu ujana wake. Mama yule alikuja kumwona mtu akiimba. Akaonyeshwa picha ya mtu akiimba. Picha anayo kwao.

Mimi yamenifika, si London, hapa hapa. Nilimchukua mamangu usiku wa taarab, nikalipa viti vya mbele kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Ulipofika wimbo aliokuwa akiungojea, mwimbaji alishuka, akaenda kuuimba meza ya wakubwa upande wa pili, ametupa mgongo tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mamangu hakusema neno. Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono akasema, "Si kitu, mwanangu, nimesikia." Ile "si kitu" sijaisahau.

Kwa hivyo usiniambie kuhusu maana ya mchezo kabla hujaniambia kama wale watu walijulishwa walipokuwa wakinunua tiketi. Biashara ni makubaliano. Ukiniuzia samaki mzima, usinipe mkia halafu ukanieleza kwamba kichwa amepewa yatima. Mpe yatima samaki wako.

Kijana wa Likoni

Mimi sijawahi kuingia onyesho la tiketi maishani. Nitasema kidogo tu.

Feri yetu hapa, mwenye gari hulipa, mwenye miguu havuki kwa pesa. Chombo ni kimoja, na maji ni yale yale. Sijaona mwenye gari akishuka kugomba eti mimi nimevuka bure. Anajua nisipovuka mimi, Kisiwani hakuna atakayemfungulia duka.

Umm Salim, Bondeni

Mwanangu, mfano wako ni mzuri, lakini umalizie. Mwenye gari hulipa na huvuka. Hajaambiwa abaki Likoni autazame upande wa pili kwenye skrini.

Mpiga fidla, Majengo

Nimesoma yote. Nyinyi mnabishana kuhusu wasikilizaji, mimi nawauliza kuhusu wapigaji.

Ndugu wa Ndia Kuu, umesema uliisikia taarab bure. Hukuisikia bure. Mwenye arusi alitulipa, na wanawake walituza. Shangazi zako walipokuwa wakiinuka kwa madaha na noti mkononi, wakienda kumtuza mwimbaji kwa ubeti uliowagusa, ndio waliokuwa wakikulipia wewe uliyekuwa dirishani. Taarab haijawahi kuwa ya bure, ila mlipaji alikuwa haoni vibaya wengine wakisikia. Na alipotuza, mwimbaji alimgeukia, akaurudia ubeti ule kwa ajili yake. Alipata kitu ambacho wa dirishani hakukipata. Hapo ndipo naona London walikosea hesabu: anayelipa zaidi ndiye aliyekuwa mbali zaidi na mwimbaji kwa wimbo ule.

Halafu kuna kazi yenyewe. Mwimbaji akiwa nje na wapigaji wakiwa ndani, lazima muziki umfikie masikioni kwa vidude vidogo, na sauti yake irudi ndani bila kuchelewa hata kidogo. Wenzetu wana mitambo na mafundi wa kazi hiyo peke yake. Na Lloyd si mara yake ya kwanza: katika mchezo mwingine wa nyimbo, Sunset Boulevard, mwaka 2023, alimtoa mwigizaji akaimba akitembea barabarani, kamera mbele yake. Kajifunza kwa muda mrefu. Sisi tukimweka mwimbaji roshani Ndia Kuu na udi, tabla na taishokoto, kile kinanda cha nyuzi na vibonye, zikibaki ukumbini mbali, ataimba peke yake na sisi tutapiga peke yetu. Kichochoro kile kina kuta za mawe pande zote mbili. Sauti inagonga hapa, inarudi pale, dumbaki moja inasikika mbili.

Dawa ni moja: wapigaji washuke pia. Wakae barazani chini ya roshani, karibu, bila vipaza sauti vingi. Lakini hapo tiketi ya ndani unauza nini?

Babu wa Kuze

Salaam kwenu. Mimi naona mmeruka jambo. Lilikuwa onyesho la majaribio. Wahakiki wa magazeti huja siku ya ufunguzi, ambayo ilikuwa Julai mosi, zaidi ya majuma mawili baadaye. Usiku wa kwanza ni wa kupima. Zamani mtunzi wetu akitoa wimbo mpya, alikuwa akitega sikio kwa wanawake siku ya kwanza. Pale walipokaa kimya, ubeti ule ulikuwa ukibadilishwa kabla ya arusi ya pili. Hapana aliyesema amedhulumiwa kwa kusikia ubeti mbichi. Mkeka ukiwa bado wafumwa, usiulalie kisha ukalalamikia miyaa.

Umm Salim, Bondeni

Babu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini kwa mkeka huu walishatoza pesa. Na ubeti wenyewe haukubadilishwa: watu walilalamika usiku wa kwanza, na roshani ikaendelea vile vile hadi onyesho la mwisho mwezi Septemba. Kama ni kupima, walipima nini?

Babu wa Kuze

Marahaba, mwanangu. Huenda walipima wakaona waliofurahi ni wengi zaidi. Hilo pia ni jibu, japo halikupendezi.

Mwana wa Ndia Kuu

Narudi. Dada yangu niliyemtaja ameyasoma haya yote na hajaacha kunitazama.

Umm Salim, kisa cha mamako kimenichoma. Lakini ngoja nikitenganishe na cha London, kwa sababu havifanani. Mwimbaji wa kwenu alimpa mgongo mamako ili awageukie wakubwa. Zegler aliwaacha waliolipa pesa nyingi akawageukia wasiolipa. La kwanza nimeliona mara nyingi na linaniudhi kama linavyokuudhi wewe. La pili nilikuwa sijapata kulisikia, ndiyo maana lilinishtua kwa furaha.

Hata hivyo nakubali kwa jambo moja, na nalikubali bila kuzungukazunguka: watu wa usiku ule wa kwanza walikuwa hawajui. Waliokuja mwezi wa Julai walijua, maana habari zilikuwa zimeenea na barabara ilikuwa ikijaa kila jioni. Aliyenunua tiketi baada ya hapo alichagua mwenyewe. Wa tarehe 14 hakuchagua. Kama kuna aliyedhulumiwa, ni huyo, na fidia yake ingekuwa neno tu kabla hajatoa pesa: wimbo huu utauona kwa picha, na sababu ni hii. Mamako angeambiwa, angeamua. Sisi tukifanya, tutaliandika kwenye tiketi yenyewe, kwa herufi kubwa.

Kwa mpiga fidla: umenifundisha. Nilikuwa nimesahau shangazi zangu. Basi pendekezo langu nalibadilisha. Wimbo mkuu usiimbwe nje huku waliolipa wakibaki ndani. Waliolipa watoke pia. Wafuatane na mwimbaji kutoka ukumbini, kama watu wanavyomsindikiza bwana arusi, wapewe nafasi ya mbele barazani chini ya roshani, wapigaji miguuni pao, na mtaa nyuma yao. Atakayetaka kutuza ainuke. Mwenye tiketi amenunua hadithi nzima na kiti cha karibu. Mtoto wa dirishani amepata wimbo mmoja. Ukiisha, mwenye tiketi anarudi ndani kumalizia hadithi, mtoto anabaki akiuliza iliishaje. Pengine siku moja ataweka akiba aingie.

Kijana wa Likoni

Hapo hata mimi ningekuja. Na ningetaka kujua iliishaje.

Umm Salim, Bondeni

Hilo la kutoka pamoja nalikubali. Lakini wazee? Ukumbini hadi Ndia Kuu ni mwendo, na vichochoro vile havina taa za kutosha. Mamangu hatembei hivyo usiku. Wekeni viti kule kule kabla, na mtu wa kuwashika mkono. Msipoweka, mmerudi pale pale.

Bint Kibokoni

Nimekuwa nikisoma tu, sasa nimeona niingie. Nyumba ya bibi yangu ina roshani inayotazama njia. Mbao zake bado ni imara, fundi alizikagua mwaka huu. Nilimsomea bibi mjadala huu leo baada ya alasiri, kuanzia mwanzo hadi hapa.

Amekubali roshani itumike. Ametoa masharti matatu. La kwanza, ianze baada ya Isha, watu wakishatoka msikitini, wala si dakika moja kabla. La pili, wapigaji wanywe kahawa kwake, na yeye ndiye atakayeipika.

La tatu ndilo lililotushinda sote nyumbani. Nyumba ya mbele ina madirisha matano, na wanawake watakaa pale kusikiliza kama walivyokaa mama zao, wakiwa na nguo za nyumbani. Kwenye video za London kila mtu barabarani ameinua simu. Bibi amesema simu ikiinuliwa, madirisha yatafungwa, na wakifunga madirisha yeye anafunga roshani. Kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya arusi, simu hukusanywa mlangoni na kila mtu anaelewa. Hapa mlango uko wapi? Nani atasimama kichochoroni awaambie watu mia mbili waziweke simu mfukoni, na wamsikie?